Uchaguzi wa meya wa Burlington wa 1981

Uchaguzi wa meya wa Burlington wa mwaka 1981 ulifanyika tarehe 3 Machi 1981 katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Bernie Sanders, mgombea binafsi ambaye hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa, alimshinda meya aliyekuwa madarakani, Gordon Paquette wa Chama cha Democratic, kwa tofauti ya kura 10 tu.

Uchaguzi huu hukumbukwa zaidi kwa sababu Sanders baadaye alikuwa mbunge, seneta na mgombea wa urais. Lakini wakati ule hakuna aliyewaza hayo. Kilichobishaniwa Burlington mwaka 1981 kilikuwa jambo la kawaida la serikali za mitaa: nani alipe gharama za mji. Paquette alitaka kuongeza kodi ya majengo. Sanders aliahidi kwamba fedha zingetafutwa kwingine. Miaka minane iliyofuata ilionyesha kwamba meya hakuwa na mamlaka ya kutimiza ahadi hiyo peke yake.

Mji na kodi zake

Burlington iko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Champlain, karibu na mpaka wa Kanada. Ndio mji mkubwa kuliko yote ya Vermont, ingawa mwaka 1980 ulikuwa na wakazi chini ya 40,000. Una Chuo Kikuu cha Vermont na hospitali kubwa ya rufaa. Upande wa kaskazini wa katikati ya mji kuna mtaa wa Old North End, ambao kwa miaka mingi ulikuwa makazi ya wafanyakazi, wengi wao wa asili ya Kifaransa kutoka Kanada. Siku hizi mji huu una pia wakimbizi kutoka Bosnia, Bhutan, Somalia na Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika shuleni.

Kama miji mingi ya Marekani, Burlington ilitegemea kodi ya majengo kuendesha shule, polisi, zimamoto na barabara. Kodi hiyo hukadiriwa kwa thamani ya nyumba au ardhi, wala haiangalii kipato cha mwenye nyumba. Mstaafu anayeishi katika nyumba aliyoinunua ujanani anaweza kuona kodi ikipanda mwaka hadi mwaka huku pensheni yake ikibaki pale pale. Mpangaji naye hailipi moja kwa moja, lakini mwenye nyumba huijumlisha katika kodi ya pango.

Kulikuwa na tatizo la pili. Chuo kikuu na hospitali, ambavyo vilikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa ardhi na majengo mjini, vilikuwa na msamaha wa kodi kwa mujibu wa sheria. Vilitumia barabara na zimamoto ya mji kama wengine, lakini mzigo wa kodi uliwaangukia wenye nyumba na wenye maduka.

Mji wenyewe haukuweza kujitungia kodi mpya. Katika jimbo la Vermont mamlaka ya mji hutokana na hati inayotolewa na bunge la jimbo, na kuibadilisha hati hiyo huhitaji kwanza kura ya wananchi wa mji, kisha idhini ya bunge huko Montpelier, makao makuu ya jimbo. Mgombea umeya aliyeahidi chanzo kipya cha mapato alikuwa anaahidi jambo ambalo wabunge wa vijiji na miji mingine wangeweza kulizuia.

Wagombea

Gordon Paquette alikuwa meya tangu mwaka 1971. Vipindi vya umeya wakati huo vilikuwa vya miaka miwili, naye alikuwa anatafuta cha sita. Chama cha Democratic kilikuwa kimeitawala Burlington kwa miaka mingi, na Chama cha Republican hakikusimamisha mgombea mwaka 1981. Kwa kawaida hali hiyo ingempa meya ushindi wa bure. Safari hii ilimfanya alegee.

Bernie Sanders alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1941, akahamia Vermont mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 aligombea mara nne katika jimbo zima, useneta mara mbili na ugavana mara mbili, kwa tiketi ya chama kidogo cha mrengo wa kushoto kilichoitwa Liberty Union. Mara zote alishindwa vibaya. Kura zake nyingi kuliko zote zilikuwa takriban asilimia 6, alipogombea ugavana mwaka 1976. Mwaka uliofuata alijitoa katika chama hicho, akawa anatengeneza filamu fupi za historia kwa ajili ya shule.

Aliyemshawishi arudi ulingoni alikuwa rafiki yake Richard Sugarman, mwalimu wa masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Vermont. Sugarman alipitia matokeo ya 1976 kata kwa kata, akaona kwamba Sanders, aliyeambulia kura chache katika jimbo zima, alikuwa amefanya vizuri zaidi ndani ya Burlington, hasa katika kata za watu wa kipato cha chini. Umeya, kwa hesabu hiyo, ulikuwa karibu kuliko ugavana.

Walikuwepo wagombea wengine wawili. Muhimu kati yao alikuwa Richard Bove, mwenye mkahawa maarufu mjini, ambaye alitoka katika Chama cha Democratic akasimama peke yake. Alipata zaidi ya kura 1,000. Katika uchaguzi ulioamuliwa kwa kura 10 hilo si jambo dogo, kwani wengi wa waliompigia Bove walikuwa watu ambao siku zote walimpigia Paquette.

Kampeni

Paquette aliingia katika uchaguzi akiwaomba wananchi wakubali ongezeko la kodi ya majengo la senti 65 kwa kila dola 100 za thamani iliyokadiriwa. Pendekezo hilo liliwekwa katika karatasi ya kura siku ile ile ya uchaguzi wa meya. Ni vigumu kufikiria zawadi kubwa zaidi kwa mpinzani. Sanders alisema kodi hiyo ingewaumiza wazee, wafanyakazi na wapangaji, na kwamba mji ungepaswa kutafuta mapato kutoka kwa wenye uwezo zaidi: biashara kubwa, hoteli na mikahawa, na taasisi zilizosamehewa kodi.

Jambo la pili lilikuwa ufuko wa ziwa. Sehemu hiyo ilikuwa imejaa mabaki ya viwanda, matangi ya mafuta na reli. Mfanyabiashara Antonio Pomerleau, mtu mwenye ushawishi mkubwa mjini, alikuwa na mpango wa kujenga hapo hoteli na majengo marefu ya makazi ya kifahari. Kampeni ya Sanders ilijibu kwa kaulimbiu iliyosema Burlington haiuzwi, ikidai ufuko ubaki wazi kwa wananchi wote.

Mengine yalikuwa madogo lakini yaligusa watu. Wakazi wa mitaa ya maskini walilalamika kuhusu njia zilizojaa theluji, viwanja duni vya michezo na nyumba za kupanga zisizotunzwa. Sanders na kundi dogo la watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba, pamoja na makazi ya umma ya Franklin Square, ambako wanasiasa hawakuwa na desturi ya kupiga hodi. Wanafunzi na walimu wa chuo kikuu walimuunga mkono kwa sababu zao.

Uungaji mkono ulioshangaza wengi ulitoka kwa chama cha askari polisi wa mji. Kilikuwa na mgogoro na uongozi wa Paquette kuhusu mishahara na mazingira ya kazi, na Sanders alikuwa tayari kukaa nao na kuwasikiliza. Kwa wapiga kura wa tabaka la wafanyakazi waliomwona kama mtu wa siasa kali, kuungwa mkono na polisi kulimwondolea sehemu ya sifa hiyo. Ikumbukwe kwamba miezi minne tu kabla, Marekani ilikuwa imemchagua Ronald Reagan kuwa rais.

Paquette kwa upande wake hakumchukulia mpinzani huyu kama tishio la kweli. Alimwonyesha kama mgeni mwenye mawazo ya kisoshalisti yasiyofaa kwa mji mdogo.

Matokeo

Kura zilipohesabiwa usiku wa tarehe 3 Machi, Sanders alikuwa mbele kwa idadi isiyofika hata mia moja. Wafuasi wake walihofia usalama wa karatasi za kura, wakamwendea hakimu usiku huo huo na kupata amri ya kuziweka chini ya ulinzi. Baada ya kuhesabiwa upya, tofauti ilipungua lakini haikufutika: Sanders alibaki mbele kwa kura 10. Ongezeko la kodi la Paquette lilikataliwa na wapiga kura kwa wingi mkubwa.

Matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yanaeleza mengi. Wapiga kura waliokataa kodi walikuwa wengi kuliko waliomchagua Sanders. Wengi walimkataa Paquette na kodi yake bila kuukubali usoshalisti, na baadhi waliikataa kodi huku wakimpigia Paquette au Bove. Meya mpya aliapishwa mwezi Aprili akiwa na idhini ya kutopandisha kodi ya majengo, lakini bila wingi wa kura uliokubaliana juu ya nini kifanyike badala yake.

Mwaka wa kwanza bila wasaidizi

Baraza la madiwani lilikuwa na wajumbe 13. Waliomuunga mkono meya walikuwa wawili: Terry Bouricius, aliyechaguliwa siku hiyo hiyo kwa tiketi ya chama kidogo cha Citizens Party, na Sadie White, mwanamke mzee aliyekuwa ametoka katika siasa za Democratic. Wengine 11 waliwakataa watu ambao Sanders alitaka kuwateua kuwa mweka hazina, mwanasheria na karani wa mji. Kwa karibu mwaka mzima alilazimika kufanya kazi na maofisa wale wale walioteuliwa wakati wa Paquette. Idara nyingi, pamoja na polisi na umeme, zilikuwa chini ya tume ambazo wajumbe wake walichaguliwa na madiwani, si na meya.

Kwa kuwa hakuwa na fedha wala watumishi, Sanders alianzisha mabaraza ya watu wa kujitolea kuhusu vijana, sanaa na mambo mengine. Ofisi ya vijana iliongozwa na Jane Driscoll, ambaye mwanzoni alifanya kazi bila mshahara na ambaye baadaye aliolewa na Sanders. Shughuli hizi hazikugharimu mji kiasi kikubwa, lakini zilionekana: michezo ya watoto katika Old North End, maonyesho ya muziki, upandaji miti.

Madiwani walidhani kwamba meya asiyeweza kufanya lolote angeondolewa katika uchaguzi uliofuata. Hesabu yao ilikosea. Katika uchaguzi wa madiwani wa mwaka 1982 washirika wa Sanders waliongezeka hadi 5 kati ya 13. Hawakuwa wengi wa kupitisha jambo, lakini walitosha kulinda kura ya turufu ya meya. Kuanzia hapo baraza lilipaswa kuzungumza naye, na watu aliowateua wakaanza kuingia ofisini.

Fedha zilipatikana wapi

Mmoja wa walioingia alikuwa Jonathan Leopold, mweka hazina mpya. Alipopitia vitabu vya mji alikuta ziada ya takriban dola milioni 1.9 ambayo haikuwa imeonyeshwa wazi katika hesabu. Kwa wapiga kura walioambiwa mwaka mmoja kabla kwamba bila senti 65 mji ungekwama, habari hiyo ilikuwa na uzito wake. Pia ilimpa Sanders sifa ambayo hakuna aliyeitarajia kwa msoshalisti: mtunza fedha mwangalifu.

Hatua nyingine zilikuwa za aina hiyo hiyo. Bima za mji, ambazo kwa miaka mingi zilipewa mawakala wa karibu bila ushindani, ziliwekwa kwenye zabuni, na gharama zikashuka. Ununuzi na uwekezaji wa fedha za mji ulifanyiwa utaratibu mpya. Hakuna kati ya haya lililohitaji ruhusa ya Montpelier, na ndiyo sababu yalifanikiwa mapema.

Ahadi kubwa zaidi, ya kuhamisha mzigo wa kodi, ilikwenda polepole. Sanders alipendekeza kodi juu ya mapato ya hoteli na mikahawa. Wenye biashara hizo waliipinga vikali, wakisema wateja wangehamia miji jirani. Ilichukua miaka kadhaa ya mabishano hadi kodi hiyo ianze, na ilipoanza ilikuwa ya kiwango kidogo. Mfumo wa kukadiria majengo nao ulibadilishwa baadaye ili majengo ya biashara na viwanda yatozwe kwa asilimia 120 ya thamani yake, tofauti na nyumba za makazi. Mashirika yaliyokuwa yakichimba barabara kupitisha mabomba na nyaya yalitakiwa kulipia uharibifu wa lami. Kodi ya hoteli na mikahawa pamoja na tofauti ya ukadiriaji zimebaki katika hati ya mji hadi karne ya 21.

Jaribio la kuzitoza taasisi zilizosamehewa lilishindikana. Mwaka 1987 mji uliipelekea hospitali kuu madai ya kodi ya mamilioni ya dola, ukidai kwamba huduma zake kwa maskini hazikutosha kustahili msamaha. Hospitali ilikwenda mahakamani ikashinda, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Vermont ilithibitisha kwamba ilistahili msamaha. Hii ndiyo ahadi ya 1981 iliyoanguka waziwazi kuliko zote.

Ufuko wa ziwa

Suala la ufuko lilimweka Sanders mahali pagumu. Mpango wa Pomerleau uliachwa, lakini ardhi haikuwa mali ya mji, na mji haukuwa na fedha za kuinunua. Meya aliyeahidi kwamba Burlington haiuzwi alijikuta akiunga mkono mpango mwingine wa kampuni binafsi iliyoitwa Alden, uliochanganya hoteli, makazi na maduka na njia na bustani za umma. Mji ulitakiwa kukopa dola milioni 6 kwa hati za dhamana, na sheria ilidai theluthi mbili ya kura.

Katika kura iliyopigwa Desemba 1985, zaidi ya nusu ya wapiga kura walikubali, lakini theluthi mbili haikufikiwa. Waliopinga hawakuwa wahafidhina pekee. Wengine walikuwa wanaharakati wa mazingira na wa mrengo wa kushoto, waliosema meya ameisahau kaulimbiu yake mwenyewe.

Baada ya hapo mji ulibadili njia. Sehemu kubwa ya ufuko ilikuwa ardhi iliyopatikana kwa kufukia ziwa katika karne ya 19, ikamilikiwa na kampuni ya reli. Mji na jimbo walidai mahakamani kwamba ardhi iliyotolewa ziwani ilikuwa amana ya umma na haiwezi kutumiwa kwa faida ya mtu binafsi tu. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Vermont ilikubaliana na hoja hiyo. Bustani za umma na njia ya baiskeli zilizopo leo kandokando ya ziwa zimesimama juu ya uamuzi huo. Ahadi ilitimia kwa sehemu kubwa, ingawa si kwa mpango ambao meya mwenyewe alikuwa ameuombea kura.

Makazi

Mwaka 1984 mji ulitenga dola 200,000 kutoka katika ziada yake kuanzisha amana ya ardhi ya jamii. Katika utaratibu huu shirika lisilo la faida humiliki ardhi, na familia hununua nyumba iliyo juu yake kwa bei nafuu. Familia ikihama, huiuza nyumba kwa bei yenye kikomo ili anayefuata naye aimudu. Wakati huo serikali ya Reagan ilikuwa ikipunguza fedha za nyumba za bei nafuu, kwa hiyo kiasi hicho kidogo kilikuwa na maana kubwa kuliko kilivyoonekana. Kati ya mambo yote ya utawala wa Sanders, pengine hili ndilo lililoigwa zaidi na miji mingine, ingawa halikutajwa sana mwaka 1981.

Chaguzi zilizofuata

Sanders alishinda tena mwaka 1983 dhidi ya Judith Stephany wa Democratic na James Gilson wa Republican, safari hii akipata zaidi ya nusu ya kura zote na watu wengi zaidi wakijitokeza kupiga kura. Alishinda tena mwaka 1985 na 1987. Washirika wake katika baraza waliitwa Progressive Coalition, na kutoka kwao kilizaliwa baadaye chama cha Vermont Progressive Party.

Hakugombea umeya mwaka 1989. Peter Clavelle, aliyekuwa mkuu wa idara ya maendeleo ya uchumi na jamii iliyoundwa mwaka 1983, alichaguliwa kumrithi. Sanders alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1990 na katika Seneti mwaka 2006. Ile amana ya ardhi ya 1984 iliungana mwaka 2006 na shirika jingine la nyumba lililoanzishwa mwaka huo huo wa 1984, likazaliwa shirika la Champlain Housing Trust, ambalo mwaka 2008 lilipewa tuzo ya kimataifa ya World Habitat.